Shajara ya mradi: kuchunguza historia ya Toyota IST kabla ya kuinunua, Dodoma

27 Julai 2024: Bajeti na mipaka ya kazi

Shajara hii ni ya kumsaidia mkazi yeyote wa Dodoma anayetafuta gari lililokwisha kutumika hapa nchini huku mfuko wake ukiwa hauna nafasi ya kununua matatizo ya mtu mwingine. Bajeti yangu ni shilingi 9,500,000, na ndani ya kiasi hicho lazima ziingie bei ya gari, gharama za uchunguzi, uhamisho wa umiliki na bima. Nimechagua Toyota IST ya toleo la kwanza, lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa kuwa vipuri vyake havisumbui kupatikana na hakuna gereji ya Kizota ambayo haijawahi kuifungua.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hapa kwetu hakuna ripoti moja inayoeleza maisha yote ya gari. Kuna vipande: kadi ya gari inayotolewa na TRA (Mamlaka ya Mapato), mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi, mfumo wa bima wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), deni la maegesho, karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, na mwili wa gari lenyewe. Kila kipande kinasema sehemu yake tu. Kazi ninayojipangia ni kuviweka pamoja na kutazama vinapogongana, kwa maana hapo ndipo ama bei hushuka ama mtu huaga na kuondoka.

Herufi ya namba haitanisaidia sana, ingawa madalali huitaja kabla ya kitu kingine chochote. Namba C, D au E, yaani herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba, inaonyesha ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. IST ya 2004 iliyokaa Japani miaka kumi na moja ndipo ikaletwa itakuwa na namba D, na dalali atakuuzia kama gari jipya kuliko IST ya 2006 yenye namba C. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, na ndio nitakaousoma.

3 Agosti 2024: Gari la kwanza, Area C

IST ya rangi ya fedha, namba C, bei ya kuanzia 7,800,000. Bei hiyo ilikuwa chini kuliko magari mengine ya aina hiyo niliyokwisha kuyaulizia, na muuzaji alieleza kwamba anahamia mkoani Kigoma kikazi. Maelezo hayo yanaaminika katika mji huu, ambako watumishi wa umma wamekuwa wakiingia na kutoka tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa.

Nilianza na namba tatu, nikilinganisha kadi na gari: namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini. Ya chesisi imegongwa kwenye bati ndani ya boneti na inasomeka kwa kufuta vumbi tu. Ya injini iko kwenye bloku na mara nyingi imefunikwa na oili iliyoganda, hivyo beba brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Zote tatu zililingana.

Tatizo lilikuwa kwenye kadi yenyewe. Ilikuwa na alama ya kuonyesha kwamba ni nakala iliyotolewa baada ya kadi halisi kupotea. Kadi kupotea si kosa, na wapo waliopoteza kweli, lakini kwenye soko la magari jambo hili lina sura nyingine. Wakopeshaji wa mitaani, hasa wa ile mikopo inayoitwa kausha damu, hushikilia kadi halisi ya gari kama dhamana, na mkopaji aliyebanwa anaweza kwenda polisi akatoa taarifa ya upotevu, akapata kadi ya pili, akauza gari ambalo mtu mwingine anaamini kuwa ni lake mpaka deni liishe. Mnunuzi hulijua hilo siku gari linapokuja kukamatwa nyumbani.

Nilimwomba anionyeshe taarifa ya upotevu ya polisi, ili niilinganishe tarehe yake na tarehe ya kadi. Alisema iko kwenye mizigo iliyokwisha kutangulia.

12 Agosti 2024: Jaribio lililogonga ukuta TRA, na njia iliyofanya kazi

Baada ya sikukuu ya Nane Nane nilikwenda ofisi ya TRA kuuliza kama gari lile lina zuio lolote au jina la mkopeshaji. Sikupewa taarifa, na sababu ni ya kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inalinda usiri wa taarifa za mlipakodi, na mimi si mmiliki. Ofisa alinielekeza kwamba mmiliki mwenyewe ndiye anayepaswa kuja na kitambulisho chake na namba yake ya mlipakodi.

Njia basi ni kumwalika muuzaji mfike dirishani pamoja kabla ya kuzungumzia bei, naye aulize mwenyewe huku wewe ukisikia. Mwaliko huo hauna gharama, na jibu lake ni taarifa tosha. Huyu wa Area C alikubali kwa simu, akaahirisha, kisha akaniambia kuna mteja mwingine mwenye fedha taslimu asiye na maswali mengi. Nikamtakia heri.

Yapo pia magari yaliyonunuliwa kwa mkopo wa benki, ambayo kadi yake hubeba jina la benki pamoja na la mteja. Hayo ni rahisi: bila barua ya benki kuthibitisha kwamba deni limekwisha, hakuna cha kujadili.

Gharama hadi leo: nauli za bodaboda tu.

20 Agosti 2024: Gari la pili, nyeusi iliyozaliwa nyeupe

Hili lilipatikana kwa dalali wa Ilazo. Namba D, rangi nyeusi inayong'aa, kadi halisi, jina la kwenye kadi ni la muuzaji, na rangi iliyoandikwa kwenye kadi ni nyeusi. Dalali alilitangaza kuwa la cc 1,290 linalokula mafuta kidogo, lakini namba ya chesisi inaanza na NCP61, ambayo ni IST ya injini ya 1NZ, yaani lita 1.5; ile ya lita 1.3 huanza na NCP60. Nilimwonyesha, akacheka, akasema, "Bosi, tofauti ni ndogo." Ni ndogo kweli, ila imeniambia tangazo lililobaki nilisome vipi.

Ndani ya boneti kuna kibati cha Toyota chenye aina ya gari, namba ya chesisi na msimbo wa rangi. Kibati hiki hakibadiliki gari linapopakwa rangi upya. Kilisomeka 040, ambao ni msimbo wa Toyota wa rangi nyeupe. Nyeusi ni 202. Maana yake, gari lilitoka kiwandani likiwa jeupe, likageuzwa jeusi, na mabadiliko hayo yakaandikwa TRA ipasavyo. Kwa upande wa karatasi hakuna kosa. Swali likawa ni kwa nini mtu alipe fedha zote hizo kulipaka rangi gari zima.

Nilimlipa fundi bodi shilingi 40,000 aje alitazame. Ushauri wangu kwa atakayefuata njia hii ni kumchukua fundi ambaye hajui dalali wala muuzaji, hata ikibidi kumtoa upande wa pili wa mji. Alianza na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, akiitembeza kwenye fenda, milango na paneli za nyuma. Pale penye bati tupu sumaku inashika. Pale penye puti nene, yaani kijazio cha kusawazishia bati, inateleza na kuanguka. Kwenye paneli ya nyuma kulia ilianguka kuanzia juu ya tairi mpaka kwenye taa. Kisha akainua zulia la buti, akatoa tairi la akiba na kuelekeza tochi kwenye ukingo wa shimo lake. Bati linalotoka kiwandani huwa na vidoa vya kuchomelea vya mviringo vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na juu yake mstari wa gundi ulionyooka. Hapa palikuwa na mstari wa kulehemu uliopindapinda, umefunikwa kwa rangi nyeusi ya kupuliza, na gundi iliyopakwa kwa kidole. Alama za kidole zilikuwa bado zinaonekana.

Fundi alisimama, akafuta mikono, akasema, "Kaka, hili limegongwa nyuma likaungwa. Linatembea, lakini si la bei hiyo." Muuzaji alikuwa akitaka 10,200,000. Mimi nisingelitaka hata kwa saba, kwa kuwa nyuma ya mstari ule kuna muundo unaobeba kiti cha nyuma, na watoto ndio watakaokikalia.

Wakati fundi akikusanya vifaa vyake alinionyesha kipimo kingine, ingawa gari hili halikuwa na dosari hiyo: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake utazame sehemu ambayo kwa kawaida haitoki nje. Mstari wa tope lililokauka hapo ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko. Magari ya Dar es Salaam yaliyokutwa na maji ya Mto Msimbazi hayaishii Dar es Salaam, na vumbi letu jekundu la Dodoma huwa halifiki mahali hapo.

26 Agosti 2024: Fedha iliyopotea kwenye mtandao

Gari la tatu lilikuwa limeshaonekana, naye muuzaji, kaka mmoja wa Nkuhungu, aliniruhusu kupiga picha ya namba ya chesisi. Nilijaribu huduma mbili za mtandaoni zinazouza historia za magari. Ya kwanza ilikataa namba yenyewe. Huduma nyingi za aina hiyo zimejengwa kwa ajili ya soko la Marekani na husubiri namba yenye tarakimu na herufi 17, ilhali gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hubeba msimbo wa aina, kistari, kisha tarakimu saba. Huduma ya pili, inayotafuta karatasi za mnada za Japani, ilichukua sawa na shilingi 55,000 na kujibu kwamba hakuna kumbukumbu ya gari hilo.

Kama karatasi ya mnada ingepatikana ingekuwa na thamani kubwa, kwa kuwa wakaguzi wa minada ya Japani hulipangia gari daraja na kuchora kila dosari: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya ukarabati, XX ni sehemu iliyobadilishwa, na daraja la R ni la gari lililopata ajali likatengenezwa. Lakini kwa gari lililoondoka Japani miaka tisa iliyopita nisingemshauri mtu alipe kabla ya kuthibitisha kwamba kumbukumbu ipo.

31 Agosti 2024: Gari la tatu na kilomita zake tatu

IST ya bluu, namba D, imetengenezwa 2004, chesisi NCP61, bei ya kuanzia 9,400,000. Ukaguzi wa namba, rangi na bati ulipita bila maneno. Rangi ya kibati na ya kadi ni moja, na sumaku ilishika kila mahali isipokuwa kwenye bampa, ambazo ni za plastiki. Fundi yule yule, 40,000 nyingine.

Mifumo ya mtandaoni ilitoa zaidi ya nilivyotarajia. Mfumo wa polisi wa kuangalia faini kwa namba ya gari ulionyesha makosa matatu yasiyolipwa, kila moja shilingi 30,000. Deni la maegesho lilikuwa 23,500. Mfumo wa TIRA ulionyesha kwamba bima ilikwisha tangu Juni, ingawa stika ya zamani ilikuwa bado kiooni. Muuzaji alilipa madeni hayo mbele yangu kwa simu, nikaangalia tena mifumo mpaka ikasoma sifuri.

Dashibodi ilisoma kilomita 97,000. Kwa gari la miaka ishirini hiyo ni habari njema kupita kiasi, na raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia. Bahati ilikuwa kwamba muuzaji alitunza bahasha aliyopewa na mmiliki wa kwanza wa hapa nchini. Ndani yake mlikuwa na cheti cha usafirishaji cha Japani pamoja na cheti cha ukaguzi uliofanyika kabla gari halijapakiwa melini. Cheti cha Japani hutumia miaka ya utawala wa mfalme, hivyo Heisei 16 inasomwa kwa kujumlisha 1988, unapata 2004. Ililingana na kadi. Vyeti vyote viwili, vya 2015, vilisema kilomita 118,000.

Kipande cha tatu kilipatikana kwenye waya karibu na betri. Ilikuwa kadi ya karatasi ngumu, ile ambayo gereji huning'iniza baada ya kumwaga oili, imefifia na kulowa mafuta, lakini wino wa kalamu ulisomeka: oili imebadilishwa Machi 2022, kilomita 214,300, ijayo 219,300.

Nilimweka muuzaji mbele ya namba hizo tatu bila kumtuhumu. Alisema dashibodi ya awali ilizima mwaka jana, fundi umeme akaweka nyingine kutoka gari lililokatwa. Inawezekana ni kweli, na hata kama si kweli, matokeo kwangu ni yale yale: gari hili limetembea zaidi ya kilomita 220,000, na lazima liuzwe kama gari la kilomita 220,000. Injini ya 1NZ hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na ikipata oili kwa wakati hufika mbali kuliko hapo. Upimaji wa mashine uligharimu 25,000. Haukuonyesha msimbo wa hitilafu, na mgandamizo wa silinda zote nne ulikaribiana.

Bei ilishuka kutoka 9,400,000 hadi 8,600,000. Sikutumia ujanja wowote wa mazungumzo. Niliweka kadi ya oili na cheti juu ya boneti, tukaendelea kunyamaza mpaka akataja namba mwenyewe.

9 Septemba 2024: Jina la kwenye kadi

Hiki ndicho kikwazo kilichotaka kuua ununuzi. Kadi ilikuwa halisi, lakini jina lililokuwa juu yake ni la mama mmoja wa Morogoro. Muuzaji alilinunua kwake mwaka 2021 kwa mkataba wa mkono, hakuhamisha umiliki, akaliendesha miaka mitatu kwa jina la mtu mwingine. Utaratibu huu ni wa kawaida mno. Nimeambiwa habari za magari yaliyopita mikono minne huku kadi ikibaki na jina la kwanza. Hatari yake hukua kila mwaka: mwenye jina akifariki, gari linaingia kwenye mirathi, na mnunuzi hana wa kumsainia mpaka mahakama imteue msimamizi.

Muuzaji alipendekeza tuandikishane sisi wawili, "mambo ya jina tutayamaliza taratibu." Wakili niliyemwendea alikataa hata kuandaa rasimu ya namna hiyo. Alieleza kwamba mbele ya TRA anayehamisha ni yule aliye kwenye kadi, na kwamba mkataba wangu na mtu asiye na jina popote ungenipa haki ya kumdai yeye fedha, si haki ya kuhamishiwa gari. Alitoa njia mbili: hati ya uwakilishi iliyosainiwa na mama yule kumruhusu muuzaji, au mkataba wa pande tatu ambamo mama anakiri kulipwa 2021, muuzaji anakiri kulipwa nami, na mama anahamisha moja kwa moja kwangu. Tulichagua ya pili, kwa sababu kila mkono wa fedha unaonekana kwenye karatasi moja. Aliongeza pia kipengele cha ridhaa ya mwenza wa muuzaji.

Tulikwenda Morogoro na muuzaji kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai mwaka huu. Mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba mama angedai chake kwanza. Tulipomaliza kuamkiana na kumweleza tulichokijia, alimgeukia muuzaji. "Mwanangu, mimi nilijua ulishalihamisha zamani. Hizi meseji za faini ninazoletewa ni zako?" Alisaini siku hiyo hiyo, akatoa nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na namba yake ya mlipakodi, na alichotaka ni kuhakikishiwa tu kwamba jina lake linaondoka.

Nauli na chakula: 72,000. Wakili: 150,000.

21 Septemba 2024: Uhamisho na hesabu

Malipo ya gari yalifanyika kwa benki, kutoka akaunti yangu kwenda ya muuzaji, na kumbukumbu ya muamala ikaambatishwa kwenye mkataba. Ada ya uhamisho ilikuwa 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei ni 86,000. Bima ndogo ya mwaka ni 118,000.

Uchunguzi wote, ukijumlisha 55,000 iliyopotea mtandaoni, mafundi, mashine na safari ya Morogoro, umegharimu 232,000. Wakili na TRA wamechukua 296,000. Pamoja na bima na bei ya gari jumla imefika 9,246,000, na salio la 254,000 linakwenda kwenye matairi mawili ya mbele na raba ya pedali ya breki.

Kipo kipande kimoja ambacho hakijafungwa. Toyota ya Japani ina ukurasa unaoonyesha, kwa namba ya chesisi, kama gari limeitwa kiwandani kwa marekebisho. Namba yangu imetokea kwenye orodha ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, upande wa abiria wa mbele, na hakuna kumbukumbu kwamba ilibadilishwa kabla gari halijaondoka Japani. Kemikali iliyomo ndani ya mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Anayenunua gari la Kijapani la miaka hiyo alifanye jambo hili mapema, kwa kuwa ni bure na linahitaji namba ya chesisi tu. Nimeandika barua kuuliza jinsi ya kubadilishiwa hapa nchini, na nitaongeza taarifa hapa jibu likifika.